Ruka Hayo, Mama

Jumanne, saa nne na dakika chache,
vidole vyangu vimekolea zambarau
(tulikuwa tukitia ukindu rangi
uani kwa Mastulla, hapa Bombo),
simu ikalia ndani ya kikapu.

"Naongea na Bi Zamzam Fadhumulla?"
Jina langu na la baba, akayatamka vizuri
kuliko wanavyoyatamka zahanati.
"Naitwa Derrick, makao makuu ya benki, Kampala.
Mama, kuna mtu anazitoa pesa zenu
sasa hivi, tunapoongea."

Pesa zetu.
Milioni mbili, laki nane na elfu arobaini.
Wanawake kumi na tisa, kawa moja moja,
zile ambazo sisi Wanubi twaziita tabaga,
miaka miwili ya migongo kuuma,
ili tununue hema na viti mia vya plastiki
tukodishe kwenye maharusi ya watu.
Na mtunza hazina ni mimi,
kwa sababu, walisema, Zamzam hana haraka.

Siku hiyo nilikuwa nayo.

Niseme kweli: sauti yake ilikuwa nzuri.
Alinipa pole. Aliniuliza kama nimekaa.
Akaomba tarehe ya kuzaliwa, nikampa.
Akaomba jina la mama, nikampa;
marehemu mama yangu akanitoka mdomoni
kama chenji ya nyanya.
"Sasa, ujumbe umeingia. Nisomee."

Kidole gumba kikashindwa kufungua simu.
Rangi. Nikakifuta kwenye kanga, mara mbili, mara tatu.
Simu yangu mwenyewe hainitambui,
na mgeni anamjua hadi aliyenizaa.

Ilipofunguka, ujumbe ulikuwa wa Kiingereza,
nami Kiingereza nakisoma kama avukaye matope:
natua mguu, naupima, ndipo nanyanyua wa pili.
Tena madrasa, Maalimu Sebit alitufunza kwa fimbo
kwamba msomaji haruki neno.
Nikaanzia juu, nikigeuza kwa Kiswahili nikienda.

"Usi... usimpe..."
"Ruka hayo, mama. Nenda kwenye tarakimu. Ziko sita."
"Usimpe mtu..."
"Mama, muda unakwisha."
"Usimpe mtu yeyote, hata..."
"Ruka!"

Hapo ule upole ulimwanguka
kama kofia ya kuazima.
Nikajiuliza: benki gani hii
inayoogopa maneno yake yenyewe?

Nilikata. Si kwa ushujaa;
mkono ulitetemeka nikakosea kitufe kwanza.
Akapiga mara saba. Kisha namba nyingine,
mwanamke, akinigombeza kwa niaba ya benki.
Sikupokea tena. Nikapanda boda hadi tawini Wobulenzi
na uzambarau wangu vidoleni,
na binti wa dirishani, Nakimuli, akabadilisha kila kitu,
akaniambia bila kuinua macho:
"Tarakimu hizo hata mimi usinipe. Hata meneja."

Jioni nikawaeleza wenzangu, na sikuficha kitu:
tarehe niliyoitoa, na jina la mama.
Walicheka kidogo pale kwenye kanga.
Kaltuma hakucheka.
Alikuwa akisuka, akasimama katikati ya mshono.
"Mimi nilizisoma zote sita," akasema.
"Mwezi wa Ramadhani. Laki sita za ada ya Rajabu.
Nyumbani nilisema zimeibwa sokoni."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakusema.
Sote tulijua kwa nini.
Mastulla alimsogezea chai, na baadaye sana,
giza likishaingia, mmoja akauliza
yule wa kwake alijiita nani.
"Derrick," akasema Kaltuma. "Mpole sana."

Namba ya siri mpya nimeitoa kwenye tabaga ya bibi:
nyuzi ngapi nyekundu, ngapi nyeusi,
kuanzia ukingo gani.
Kawa ipo ukutani, kila mgeni anaiona.
Nawe unayesoma hapa, tafadhali,
usiniulize nimeanzia wapi kuhesabu.